Mchungaji van Raalte na Watu Wake

Katika toleo hili la kumbukumbu ninaleta habari za Albertus van Raalte, mchungaji wa Uholanzi aliyezaliwa mwaka 1811 katika kijiji cha Wanneperveen.

Mwaka 1834 mchungaji wa kijiji cha Ulrum, Hendrik de Cock, alijitenga na Kanisa la Reformed lililosimamiwa na serikali. Waliomfuata walikuwa hasa watu wa shamba. Van Raalte alikuwa amesoma theolojia huko Leiden, lakini wakubwa wa kanisa walimnyima kazi kwa kuwa hakukubali kuahidi kutii kanuni zao zote. Akajiunga na waliojitenga. Sheria ilikataza mkutano wa watu zaidi ya 20 bila kibali, basi wakasali katika mabanda na majumbani, wakatozwa faini, na askari wakapelekwa kukaa katika nyumba zao.

Mateso yalikuja kupungua, ila kuanzia mwaka 1845 viazi vilioza mashambani na njaa ikaingia. Mwaka 1846 alipanda meli Rotterdam pamoja na mkewe Christina, watoto wao na kundi la waumini. Februari 1847 walianza kufyeka msitu wa Michigan, Marekani, mahali walipopaita Holland. Kiangazi hicho malaria (sisi hatuhitaji kuelezwa) na kuhara viliua wengi. Wakajenga nyumba ya yatima, lakini yatima hawakukaa humo: familia ziliwachukua wote.

Jambo moja wasimulizi wengi hulipita haraka. Msitu ule ulikuwa na wenyewe, Waodawa. Mifugo ya wageni ilikula mahindi yao, na vyombo vyao vya kukingia utomvu wa sukari vilichukuliwa. Wanaokaa katika kamati yetu wanazijua kesi za namna hiyo, za kuni na mbuzi. Mwaka 1849 Waodawa walihamia kaskazini. Waliokimbia kwao waliwahamisha wengine, na van Raalte, pamoja na mema yake yote, hakuzuia.

Mwaka 1850 aliliunganisha kundi lake na Kanisa la Reformed la Marekani. Mwaka 1857 baadhi ya sharika zikajitenga naye, kama yeye alivyojitenga zamani. Aliendelea na shule, ambayo mwaka 1866 ilipata kuwa Chuo cha Hope. Oktoba 1871 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, chuo kilisalimika. Alifariki tarehe 7 Novemba 1876, akazikwa hapo hapo Holland.