Gojong wa Korea: Mfalme aliyegonga sarafu ambazo hazikufika sokoni

Wadau, leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira kidogo. Nataka niwasimulie maisha ya Gojong, mfalme wa Korea aliyefariki 1919. Sisi vijana Korea tunaijua kwa simu na tamthilia, lakini zamani ilikuwa nchi iliyobanwa kati ya China, Japani na Urusi, na huyu bwana alihangaika nayo miaka zaidi ya 40.

Mimi nimemfahamu kupitia sarafu. Kuna watu duniani kazi yao kukusanya sarafu adimu, na wanazozitafuta kweli kweli ni zile za majaribio. Kiwanda kabla hakijagonga sarafu nyingi, hugonga chache kwanza ili mkubwa azitazame, akikubali ndipo zinaingia mitaani. Korea ya Gojong ilijaribu mara nyingi na mara nyingi mpango ukafia njiani, ndiyo maana majaribio yake ni mengi na kila moja limebaki vipande vichache. Ukizipanga sarafu hizo kwa miaka, unayapata maisha ya mfalme mwenyewe.

Gojong alizaliwa 1852. Mwanzoni mwa 1864 akawekwa kwenye kiti cha enzi, mtoto wa miaka 11 tu, kwa hiyo aliyetawala hasa alikuwa baba yake, Daewongun. Pesa ya wakati huo ilikuwa duara la shaba lenye tundu la mraba katikati, watu wanazitunga kwenye kamba. Sarafu ya aina hiyo ilikuwa imetumika tangu 1678. Sasa mzee akataka kujenga upya jumba la kifalme la Gyeongbokgung, hela hakuna. Mwaka 1866 akatoa sarafu iliyoandikwa kwamba ina thamani ya 100, wakati shaba iliyomo ilikuwa ya sarafu tano au sita tu za kawaida. Wananchi si wajinga. Bei zikapaa, na mwaka uliofuata kiwanda kikaacha kuzigonga. Hilo lilikuwa somo la kwanza la pesa kwa huyo kijana, sijui kama lilimwingia!

Alianza kutawala mwenyewe 1873. Mwaka 1876 Japani ikamlazimisha kufungua bandari, na wafanyabiashara wa nje wakaanza kumiminika. Hapo ikaonekana kwamba sarafu za kutunga kwenye kamba hazitoshi. Mwaka 1882 akatoa sarafu za fedha, ndogo, zenye duara la rangi katikati. Nzuri sana. Tatizo wenye nacho wakazificha majumbani na nyingine zikatoka nje ya nchi. Mwaka 1883 zikasitishwa.

Mwaka huo huo akaanzisha kiwanda cha serikali cha kugonga sarafu, na mashine zikaagizwa Ujerumani. Mshauri wake alikuwa Mjerumani, Paul Georg von Möllendorff. Mwaka 1886 zikatoka sarafu za majaribio za kisasa, zimeandikwa mwaka wa 495, yaani hesabu ya tangu ukoo wa kina Gojong uanze kutawala 1392. Zilipangwa za dhahabu, za fedha na za shaba, na juu yake joka la kifalme. Karibu zote ziliishia kuwa sampuli tu. Mwaka 1888 wakagonga tena, chache mno. Serikali haikuwa na dhahabu wala fedha ya kutosha, na mashine bila madini haina kazi.

Sasa njoo 1892. Kiwanda kikahamishiwa Incheon kwa msaada wa Wajapani. Kwenye sarafu mpya wakaandika jina la nchi likiwa na neno la kuonyesha ukuu, Joseon Kuu. China, iliyokuwa inajiona bosi wa Korea, ikakasirika. Mwakilishi wake Seoul, Yuan Shikai, akapinga, na kuna sarafu zilizogongwa bila lile neno. Hebu fikiria, herufi moja tu! Leo mkusanyaji akishika sarafu hizo, kwanza anaangalia herufi hiyo ipo au haipo, na bei inafuata hapo.

Mwaka 1894 Japani na China wakapigana kwa ajili ya Korea na China ikashindwa. Oktoba 1895 mke wa Gojong, Malkia Min, akauawa na Wajapani ndani ya jumba la kifalme. Februari 1896 mfalme akatoroka na kujificha kwenye ubalozi wa Urusi, akakaa huko mwaka mzima. Alipotoka, Oktoba 1897, akajitangaza kuwa mfalme mkuu wa dola huru, sawa na wa China na wa Japani.

Sarafu nazo zikabadilika. Mwaka 1901 ikatungwa sheria ya pesa inayosimamia dhahabu, na zikagongwa sarafu zenye tai, mfano wa tai wa Urusi. Japani ilipoishinda Urusi 1905, sarafu hizo zikasakwa na kuyeyushwa. Zilizopona ndizo hizo watu wanazigombania mnadani.

Lakini wadau, tusimpambe sana. Wakati sarafu za tai zinatengenezwa, kiwanda hicho hicho kilikuwa kinamwaga mitaani sarafu za nikeli bila kipimo, kwa sababu zilikuwa na faida kwa hazina ya mfalme. Wahuni nao wakagonga za kwao za bandia. Thamani ikaporomoka. Ndiyo sababu aliyoitumia Mjapani Megata Tanetarō, mshauri wa fedha, kufunga kiwanda mwaka 1904. Mwaka 1905 wananchi wakaambiwa wabadilishe. Sarafu nzuri zikapokelewa kwa thamani yake, mbaya kidogo kwa chini ya nusu, mbaya zaidi zikakataliwa. Wafanyabiashara wengi wa Korea wakafilisika. Tangu hapo pesa ya Korea ikawa inagongwa Osaka, kwa vipimo vya pesa ya Japani.

Ukitaka kujua uhuru uliisha lini, vitabu vitakwambia Novemba 1905, au 1910 Japani ilipoimeza nchi rasmi. Mimi naona uliisha siku kile kiwanda kilipofungwa. Mwaka 1907 Gojong alituma wajumbe wa siri The Hague wakailalamikie dunia, hawakupokelewa, na kwa kosa hilo akalazimishwa kumwachia mwanawe kiti. Alifariki 21 Januari 1919. Uvumi ukaenea kwamba kapewa sumu. Watu wakamiminika Seoul kwa ajili ya mazishi, na tarehe 1 Machi maandamano makubwa ya kudai uhuru yakalipuka nchi nzima.

Kwa hiyo ukiona mtu kanunua kipande cha metali cha 1886 kwa mamilioni, usimcheke. Kanunua mpango wa nchi ambao haukutimia. Ila kama na wewe unataka kuanza, angalia sana, za bandia ni kibao. Usinunue bila mtaalamu kuipima na bila kujua ilitoka kwa nani.

Swali langu kwenu: Gojong alionewa na wakubwa, au alijimaliza mwenyewe na zile sarafu za nikeli? Mimi nasema yote mawili. Tupeni maoni yenu hapo chini, bila matusi tafadhali.