Wangila: Jina lilipaa Seoul, likazimika Las Vegas

Mwaka 1988 ulikuwa mtamu kwa wapenda soka wa Lushoto. Coastal Union, timu ya mkoa wao wa Tanga, ilibeba ubingwa wa Tanzania Bara. Wengi wao, hadi Mlalo milimani, waliusikia ubingwa huo kwa masikio tu. Bara hakukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini ukiwa Soni au Bumbuli mpira ulikuwa redioni, na betri ikiisha, mechi nayo imekwisha.

Redio hizo hizo ndizo zilizoleta habari za Michezo ya Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini, Septemba mwaka huo. Kwanza Zambia ikaichapa Italia mabao 4-0, matatu yakiwa ya Kalusha Bwalya. Halafu, mwanzoni mwa Oktoba, likaja jina la bondia wa Kenya: Robert Wangila.

Ukisimama Mtae, ukingoni kabisa mwa Milima ya Usambara, unaiona nyika inayoteremka mpaka Kenya. Jirani alikuwa karibu kiasi hicho. Lakini wakati dunia ikimtazama Wangila kwenye televisheni, watu wa huku walimjua kwa jina tu. Sura yake hawakuiona.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Septemba 3, 1967, Nairobi. Alikulia kwenye ngumi za ridhaa wakati Kenya ikiogopwa Afrika nzima. Kabla yake, Mkenya aliyefika mbali zaidi Olimpiki kwa masumbwi alikuwa Philip Waruinge, aliyepata shaba Mexico mwaka 1968 na fedha Munich mwaka 1972. Kisha milango ikafungwa. Mwaka 1976 Kenya, Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziligomea Michezo ya Montreal, kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki licha ya timu yake ya raga kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 Kenya ikagomea tena, safari hii Moscow. Mabondia wa kizazi kizima walizeeka bila dunia kuwaona.

Ndiyo maana Seoul ilikuwa kubwa. Wangila alipigana uzito wa welta. Nusu fainali hakurusha hata ngumi moja, kwani Jan Dydak wa Poland hakupanda ulingoni. Fainali akakutana na Mfaransa Laurent Boudouani. Huyu hakuwa bondia wa kubahatisha, maana miaka minane baadaye alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA. Wangila hakumpa nafasi. Raundi ya pili tu, chini, KO!

Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa bondia Mwafrika mweusi. Mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha. Seoul hiyo hiyo akina Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki walileta nne za mbio. Ya tano ililetwa na ngumi za Wangila. Alikuwa na miaka 21.

Kijana wa umri huo, jina limepaa kwa siku chache, afanye nini? Akafanya ambacho mchezaji wa mpira hufanya leo baada ya kung'ara AFCON. Akaenda kutafuta maisha kwenye pesa. Kwa bondia, pesa ilikuwa Marekani, na Wangila akaenda huko kupigana ngumi za kulipwa.

Hapo ndipo mambo yanapohitaji kueleweka vizuri. Ngumi za kulipwa Marekani ziliendeshwa na televisheni. Mapema miaka ya 1950 mapambano yalikuwa yakionyeshwa kila wiki kwenye nyumba za watu. Mwaka 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa usiku wa manane, ikikaribia alfajiri, ili Wamarekani waone pambano jioni kwao. Na mwaka 1976 akaja Sugar Ray Leonard. Alishinda dhahabu Montreal, michezo ile ile ambayo Waafrika wengi hawakuwepo, na kamera zikampenda. Pambano lake la kwanza la kulipwa, Februari 1977, lilirushwa na CBS nchi nzima, naye akalipwa takribani dola 40,000. Pambano la kwanza tu!

Wangila alikuwa na dhahabu kama ya Leonard. Tofauti ni kwamba Leonard alikuwa kijana wao. Televisheni huweka pesa kwa bondia ambaye watazamaji wake watakaa sebuleni kumsubiri, na watazamaji wa Wangila walikuwa Kenya na kwingineko Afrika Mashariki, mbali na wanunuzi wa matangazo. Mmarekani Roy Jones aliyepoteza fainali pale pale Seoul kwa uamuzi uliolaaniwa duniani kote alirudi kwao akawa nyota mkubwa. Mkenya aliyeshinda yake kwa KO ilibidi aanze kutafuta jina upya.

Na kazi yenyewe ilikuwa nyingine. Seoul alipigana raundi tatu akiwa amevaa kofia ya kujikinga. Kwenye ngumi za kulipwa hakuna kofia, na raundi zinaweza kufika 10 au 12. Wangila alishinda mapambano mengi, akapoteza machache, lakini ubingwa wa dunia hakuupata.

Julai 22, 1994, siku tano tu baada ya Brazil kuifunga Italia kwa penalti kwenye fainali ya Kombe la Dunia huko huko Marekani, Wangila alipanda ulingoni Las Vegas dhidi ya David Gonzales. Alipigwa sana. Raundi ya tisa mwamuzi akasimamisha pambano. Wangila akalalamika. Alitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye akapoteza fahamu, na Julai 24 akafariki dunia. Alikuwa na miaka 26.

Hata safari yake ya mwisho haikuwa na utulivu. Wangila alikuwa amesilimu, na mvutano kati ya waliotaka azikwe Kiislamu na waliotaka mila za ukoo ulifika mpaka mahakamani.

Mwaka huo huo wa 1994 ndipo televisheni zilipoanza kuonekana Tanzania Bara. Wangila hakusubiri. Wa Lushoto waliomshangilia redioni walipata picha wakati yeye hayupo tena.

Leo banda umiza lipo, simu ziko mikononi, na Tanga yenyewe imeonja. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, alimmaliza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, kwenye pambano lililorushwa na televisheni ya Uingereza. Usiku mmoja jina likajulikana kila kona, kama lilivyojulikana la Wangila.

Mashabiki wakimwona bondia wa kwao kwenye kioo hushangilia, na ni haki yao. Kilichompata Wangila kinafaa kuwakumbusha promota na viongozi wa ngumi swali moja: siku kamera zikiondoka, nani atabaki na kijana huyu, na nani atamtoa ulingoni mapema hata kama yeye mwenyewe hataki kutoka?