Az-Zahrawi na miguu ya mama zetu

Ndugu msomaji, huku kwetu Newala na Masasi mtu akitokwa na mishipa minene iliyojipinda miguuni huambiwa ni uzee, au karogwa. Hukaa nayo mpaka ngozi ya kifundoni inakuwa nyeusi na kidonda kinachimbika, ndipo anaikumbuka hospitali. Kwa hiyo leo nimeona nimzungumzie Mwislamu aliyeyaandikia maradhi haya miaka elfu moja iliyopita: Abul Qasim Az-Zahrawi.

Alizaliwa mnamo mwaka 936 Madinat az-Zahra, mji wa watawala jirani na Cordoba, katika Andalusia ambayo leo ni Hispania. Nisba yake ya Al-Ansari inamuunganisha na Ansari wa Madina. Umri wake aliumaliza katika kutibu na kufundisha. Kwenye mwaka 1000 hivi alikamilisha kitabu chake, At-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na humo alichora vyombo vya kazi yake vipatavyo 200, ili mwanafunzi aone na fundi aweze kuvitengeneza.

Humo alieleza kwamba mishipa hii huwasumbua sana wapagazi na watu wa kazi za sulubu. Nikifika hapo huwafikiria mama zetu. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida tangu zamani. Kabla ya mabomba walishuka mabondeni kuchota, wakapanda na mitungi kichwani. Leo madaktari wanajua kuwa ndani ya vena mna vilango vinavyozuia damu kurudi chini. Vikilegea, kwa kurithi, kwa uzazi au kwa kusimama muda mrefu, damu hutuama na mshipa huvimba.

Tiba yake ilikuwaje? Alichana ngozi mahali kadhaa kwenye njia ya mshipa, akauinua kwa ndoano na kuuvuta nje. Tusimzidishie sifa: Wagiriki na Warumi walikwishaupasua mshipa huu kabla yake. Yeye aliipanga kazi hiyo na kuieleza hatua kwa hatua. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliitafsiri sehemu hiyo ya upasuaji kwa Kilatini, na Ulaya ikaisoma kwa karne nyingi.

Miaka ya 1950 daktari wa Uswisi, Robert Muller, alianza kuitoa mishipa hii kwa vitobo vidogo na ndoano, kwa ganzi ya mahali tu, na mgonjwa akaondoka kwa miguu yake. Siku hizi iko pia njia ya kupitisha uzi wa mwanga wa leza ndani ya mshipa na kuuziba kwa joto. Vifaa hivyo haviko kila mahali, lakini si kila mguu unavihitaji. Bandeji ya kubana, ikifungwa kwa maelekezo ya daktari, husaidia hata kidonda kupona.

Az-Zahrawi alifariki mnamo mwaka 1013, mji wake ukiwa umebomolewa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kitabu kikabaki. Sisi ni hodari wa kulitaja jina lake kwenye mihadhara, lakini jina halitibu mguu. Mama mwenye mishipa ya namna hii apelekwe Mkomaindo au hospitali ya Newala mapema, kabla ya kidonda. Na binti yake asomeshwe sayansi, aje kuwatibu wenziwe.

Wabillahi tawfiq.