William Salter Price na Mafunzo ya Frere Town

Abiria wa matatu anayevuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa kuelekea Kisauni humsikia makanga akitaja kituo cha Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Frere Town, iliyotundikwa zama za utumwa ili iwatahadharishe wakazi wakati wa hatari. Aghalabu kengele hiyo ndiyo hukumbukwa, na shule iliyokuwa jirani yake husahauliwa. Ilhali mjadala unaovuma hadi leo katika vyuo vikuu, yaani kama mwanafunzi afundishwe ufundi, biashara au fasihi, na kwa lugha gani, ulikwishaanza katika mashamba hayo ya minazi tangu mwaka 1875. Aliyeuleta ni kasisi Mwingereza, William Salter Price.

Price alizaliwa mwaka 1826. Baada ya kusomea ukasisi alitumwa Bara Hindi na jumuiya ya kimisionari ya CMS. Katikati ya miaka ya 1850 alianzisha kijiji cha Wakristo kando ya mji wa Nashik, magharibi mwa nchi hiyo, akakiita Sharanpur. Hakuwa na habari ya Mombasa wala Kiswahili. Mombasa ndiyo iliyomfuata huko. Meli za kivita za Uingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, na watoto waliookolewa walipelekwa Bombay. Serikali ilihitaji mahali pa kuwaweka, na Price akakubali kuwapokea. Wengi wao walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa pande za Ziwa Nyasa.

Mafunzo ya Sharanpur yalistahili kuangaliwa kwa makini kuliko yalivyowahi kuangaliwa. Watoto walisoma Biblia, hesabu, jiografia na Kiingereza. Lakini kila mvulana alipaswa pia kuwa na kazi ya mikono: useremala, uhunzi au uashi. Wasichana walifundishwa shughuli za nyumbani, kwani mawazo ya wakati ule hayakuwaruhusu kwenda mbali zaidi. Hapana budi kukiri kwamba mpango huu haukutokana na nadharia yoyote kubwa ya elimu. Price alikuwa na watoto wasio na wazazi, wasio na shamba, na wasiojulikana na mtu yeyote nchini humo. Mtoto wa namna hiyo asiye na ufundi angeishia kuwa mtumishi wa watu maisha yake yote. Ufundi ulikuwa badala ya ukoo.

Matunda yake yalionekana mahali pasipotarajiwa. David Livingstone alipojiandaa kwa safari yake ya mwisho mwaka 1866, aliwachukua vijana tisa wa Nashik. Mwaka 1872 kundi jingine lilipelekwa kumsaidia, na miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya maziko ya moyo wake na kuchonga maandishi kwenye mti. Kisha aliusindikiza mwili hadi London, akawa mmoja wa waliolishika jeneza katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Wasomaji wa magazeti ya Uingereza walistaajabu kumwona Mwafrika aliyeweka shajara kwa mkono wake mwenyewe. Waliomfundisha hawakuwa na sababu ya kustaajabu.

Wakati huo mambo yalikuwa yamebadilika Zanzibar. Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay na aliyeifahamu Sharanpur, alikuwa amefika kwa Sultani Barghash mwaka 1873 kushinikiza mkataba wa kuifunga biashara ya watumwa baharini, nao ukatiwa saini mwezi wa Juni mwaka huo. Ilibaki kuamua watakaookolewa wataishi wapi. Frere alipendekeza makao pwani ya Afrika yenyewe, na CMS ikamteua Price. Alifika Mombasa Novemba 1874.

Hali aliyoikuta ilikuwa ya kusikitisha. Johann Rebmann, aliyefika mwaka 1846, alikuwa Rabai karibu amepofuka, na waumini wake walihesabika kwa vidole. Price alinunua ardhi upande wa Kisauni, jirani na kaburi la Rosine, mke wa Ludwig Krapf, aliyefariki mwaka 1844. Kijiji kikapewa jina la Frere. Mnamo Septemba 1875 meli iitwayo Thetis ilishusha zaidi ya watu mia mbili kwa mkupuo mmoja, wakiwa wadhaifu na wagonjwa, kila kundi likisema lugha yake.

Hapo ndipo Waafrika kutoka Bombay walipodhihirisha thamani yao. Zaidi ya mia moja walikuwa wamerejea kuungana na Price, na kabla yao, tangu miaka ya 1860, William Jones, Ishmael Semler na George David walikuwa wamekwisha kutangulia Rabai. Hao ndio waliojenga nyumba, wakafua vyuma, wakafundisha madarasani na kuhubiri. Pasipo wao, Price angekuwa mzee mmoja wa Kizungu pwani akiwa na hatimiliki ya shamba. Historia nyingi za misheni huwataja kama wasaidizi. Neno hilo haliwatoshi.

Lugha nayo ilikuwa na shughuli yake. Myao na Mmakua hawakuelewana, na mwalimu aliyetoka Nashik alikuwa amezoea Kiingereza na Kimarathi. Kilichowaunganisha kilikuwa Kiswahili, cha lafudhi ya Kimvita kilichosemwa pande zote za bandari. Hata hivyo, Kiingereza kilibaki kuwa mlango wa kazi. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipoingia mwaka 1888, na baadaye reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, kijana wa Frere Town aliyejua Kiingereza alikuwa karani au mkalimani, na asiyekijua alikuwa mpagazi. Mtu hawezi kuwalaumu wazazi wa Kisauni kwa kuzipima lugha kwa mshahara. Wazazi wa leo hawajaacha.

Price aliondoka mwaka 1876. Alirudi kwa muda mfupi mwanzoni mwa miaka ya 1880, baada ya malalamiko kuhusu viboko na ukali wa aliyekuwa msimamizi wa kijiji. Alituliza mambo, akaenda zake.

Jaribio lake kubwa lilikuja mwaka 1888, naye ana umri unaozidi miaka sitini. Sheria ya pwani wakati huo iliharamisha biashara ya watumwa wala haikuharamisha utumwa wenyewe. Aliyekamatwa baharini aliweza kuwa mahuru na kuketi darasani Frere Town. Aliyetoroka shambani Takaungu au Malindi kwa miguu yake mwenyewe alikuwa mtoro, mali ya mtu. Watoro walikuwa wamejaa Rabai chini ya ulezi wa Jones, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kutawazwa na Askofu Hannington mwaka 1885, na ambaye baada ya askofu huyo kuuawa Busoga ndiye aliyeurudisha msafara wote pwani. Mhunzi wa Sharanpur sasa alikuwa mchungaji wa mamia ya watu ambao sheria iliwataka warudishwe minyororoni.

Matajiri walidai watu wao. Price alikuwa mtiifu kwa sheria kiasi cha kuudhi. Aliona kwamba misheni ikiwaficha watoro itaangamizwa, na Frere Town nayo pamoja. Jones aliona watu. Yaelekea kila mmoja alikuwa na haki upande wake, lakini ni Jones aliyewahi kuuzwa. Hatimaye George Mackenzie, mwakilishi wa kampuni, alikubali kuwalipa wenye watumwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walianza kupewa hati za uhuru katika sherehe iliyofanyika Rabai. Price alieleza habari za safari hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1890, kisha hakurudi tena pwani. Alifariki mwaka 1911, miaka minne baada ya hadhi ya kisheria ya utumwa kufutwa katika pwani ya Kenya.

Frere Town iliendelea pasipo yeye. Mwaka 1903 ilianzishwa huko shule ya kufundishia wachungaji. Mwaka 1930 shule hiyo ilihamishiwa Limuru, katika nyanda za juu, na Kisauni ikapoteza chuo chake cha juu kabla haijajua kwamba inacho. Miaka minne baadaye James Mbotela, mwana wa jamii ya mahuru hao, alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu ambacho wanafunzi wengi wa fasihi wamekisoma na wahakiki wengi wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza. Lawama hiyo ina msingi. Lakini mwandishi wake alikuwa Mwafrika aliyeandika nathari ya Kiswahili katika miaka ambayo wachache walifanya hivyo, naye alitoka katika kijiji hicho hicho.

Chuo kilichohamia Limuru kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 2007, kikaitwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. Kando ya teolojia, hufundisha biashara, mawasiliano na teknolojia ya habari. Kengele ilibaki Kisauni.