Askofu Frank Aliyepiga Magoti
Wapendwa, huku Gombani tu wachache, na pengine twachoka kusali. Tumkumbuke Askofu Frank Weston, aliyefika Unguja 1898 na kuwekwa Askofu wa Zanzibar 1908. Alipiga magoti saa nyingi mbele ya Sakramenti Takatifu. Wengine husali ili wasitumwe; yeye aliinuka akaenda. Mwaka 1916, wakati wa vita, aliongoza mwenyewe wapagazi wa Unguja huko bara. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kuishitaki serikali ya Uingereza, nchi yake mwenyewe, kwa kuwatumikisha Waafrika kwa nguvu. Mwaka 1923, London, aliwaonya Wakristo kwamba kumwabudu Yesu altareni na kumpita maskini njiani ni bure. Alifariki Hegongo, 2 Novemba 1924, siku ambayo Kanisa huwaombea marehemu wote.