Krapf: Neno Lile Lile, Maneno Mengine

Wiki hii nataka niwasimulie maisha ya Johann Ludwig Krapf, maana wengi wetu tunashika Biblia ya Kiswahili bila kujua kazi hiyo ilimgharimu mtu nini.

Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810. Alihudumu kwanza Ethiopia, akafukuzwa. Mwaka 1844 akafika Mombasa na mkewe Rosine, na mwezi Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Julai Rosine akajifungua, homa ikamuua, na mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Jameni, ni wangapi kati yetu wangebaki? Yeye alibaki.

Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann akaja, wakafungua kituo Rabai. Krapf hakutosheka na Kiswahili. Alitafsiri sehemu ya Injili ya Luka kwa lugha ya Warabai, halafu akasafiri Ukambani, na mwaka 1850 Injili ya Marko ikachapishwa kwa Kikamba. Habari ilikuwa ile ile. Maneno ndiyo yalibadilika ili msikilizaji aelewe. Alifariki 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka 1882, hata hakuiona.

Sasa tuje huku kwetu, Ruiru na Thika. Katika ushirika wa nyumbani tuko na Wakikuyu, Wakamba, Waluhya na Wajaluo. Tunahubiri juu ya kuhesabiwa haki, mtu anaitikia amina, na kumbe haijaingia. Anaweza kukaa hivyo miaka, na nafsi yake iko hatarini. Mimi humwambia hivi: ulikuwa na deni dukani, huna hata shilingi, mwingine akaja akalipa lote, jina lako likafutwa kitabuni. Hapo anainua macho. Hatujaongeza wala kupunguza Neno, tumelifungua tu, kama Walawi walivyowafafanulia watu sheria katika Nehemia 8:8.

Basi mpendwa, wiki hii chagua neno moja la kanisani, kama neema au toba. Mweleze mama mboga au kijana wa boda bila kulitumia neno lenyewe. Kisha mwombe akuambie alichosikia, kwa maneno yake. Akiweza, ameelewa. Asipoweza, usimlaumu, tafuta maneno mengine, umwambie tena.