Werner Forssmann

Werner Forssmann (Berlin, 29 Agosti 1904 – Schopfheim, 1 Juni 1979) alikuwa daktari mpasuaji kutoka nchi ya Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kuingiza katheta, yaani mpira mwembamba, hadi ndani ya moyo wake mwenyewe. Mwaka 1956, pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Jaribio la mwaka 1929

Baada ya kusomea udaktari mjini Berlin, Forssmann alianza kazi katika hospitali ya Eberswalde. Wakati huo ilidhaniwa kuwa kuingiza katheta ndani ya moyo wa mtu aliye hai kungeweza kumuua. Katika hali ya dharura, dawa ilichomwa moyoni kwa sindano kupitia kifuani, jambo lenye hatari kubwa. Forssmann aliona kwamba mshipa wa mkono ungeweza kuwa njia salama zaidi.

Mkuu wake alimkatalia. Kadiri alivyosimulia baadaye, muuguzi aliyetunza vifaa alikubali kufanyiwa yeye jaribio hilo. Forssmann alimfunga kwenye meza ya upasuaji, lakini kwa siri akajichoma ganzi na kujipasua mkono wake mwenyewe. Alisukuma katheta ya njia ya mkojo kwa sentimita 65, akatembea hadi chumba cha eksirei, na picha ikaonyesha ncha yake ikiwa ndani ya moyo, upande wa kulia.

Maisha ya baadaye

Alipotangaza matokeo yake hakupata sifa aliyoitarajia. Aliondolewa katika hospitali ya Charité mjini Berlin, akageukia tiba ya njia ya mkojo. Mwaka 1933 alimwoa daktari Elsbet Engel, wakapata watoto sita.

Alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi tangu mwaka 1932 hadi 1945. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi, akawa mfungwa wa vita mikononi mwa Wamarekani. Baada ya vita alitibu watu vijijini pamoja na mke wake.

Wakati huohuo Cournand na Richards, huko New York, waliendeleza njia yake kwa kupima shinikizo na mtiririko wa damu moyoni. Hivyo tuzo ilimfikia miaka 27 baada ya jaribio lake.

Urithi

Leo katheta hutumika kuchunguza moyo, kuzibua mishipa na kuweka vali. Vali bandia zilizotengenezwa kwa tishu za ng'ombe au nguruwe huchakaa baada ya miaka kadhaa. Zamani mgonjwa alilazimika kupasuliwa kifua tena. Siku hizi, kwa baadhi ya wagonjwa, vali mpya iliyokunjwa hupitishwa kwa katheta, mara nyingi kutoka mshipa wa pajani, na kufunguliwa ndani ya ile iliyochakaa.